Jinsi ya Kufundisha Usalama Kazini Ukashika: Mwongozo Kamili kwa Walimu wa Ufundi Stadi

Swali ninaloulizwa zaidi na walimu wenzangu wa ufundi ni hili: "Nimefundisha usalama wiki nzima. Wameandika, wamefaulu mtihani. Jumatatu naingia karakana, nakuta kijana anakata nondo kwa grainda, kava la kukinga diski halipo, miguuni kandambili. Nimekosea wapi?"

Mara nyingi kosa liko mahali pa kufundishia. Usalama uliofundishwa kwenye dawati hukaa kwenye daftari, na siku ya kazi daftari liko begini. Mkono hauufahamu. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuufundisha ndani ya kazi yenyewe: wiki mbili za mwanzo kwa nguvu zote, kisha dakika chache kila siku hadi mwanafunzi anapokwenda mafunzo kazini.

Mifano yangu ni ya karakana ya uchomeleaji kwa sababu ndiko nilikofundisha. Mwalimu wa useremala, ufundi magari au umeme abadilishe mashine, mpangilio abaki nao.

## Vitu vya kuandaa

Usianze hatua ya kwanza kabla hivi havijapatikana.

- Ngao za uso za kuchomelea, moja kwa kila kituo cha kazi, zenye kioo cheusi cha namba 10 au 11.
- Miwani myeupe ya kinga, moja kwa kila mwanafunzi. Miwani ya kupokezana husambaza ugonjwa wa macho mekundu, na huleta kisingizio cha "nilikuwa nasubiri zamu".
- Ovaroli za pamba, glavu na aproni za ngozi, viatu vya ngozi vinavyofunika vidole.
- Viziba masikio.
- Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu na ndoo mbili za mchanga mkavu.
- Sanduku la huduma ya kwanza, na bomba la maji linalotoka kweli.
- Kufuli dogo kwa kila mwanafunzi, lenye ufunguo mmoja tu.
- Chaki nyekundu, saa, na daftari moja gumu.
- Sanduku la ushahidi. Humo weka diski iliyopasuka, waya uliochunika, glavu iliyoungua, kioo cha ngao chenye ufa. Kila karakana ina takataka hizi. Zikusanye badala ya kuzitupa.

Fedha zikiwa chache, anza na macho, halafu miguu, halafu mikono. Ovaroli mpya za rangi hupendeza kwenye picha za mahafali, lakini jicho likishapofuka halirudi.

Neno kuhusu mavazi ya wasichana. Ovaroli kubwa kupita kiasi hunaswa na mashine, kwa hiyo agiza za saizi ndogo tangu mwanzo. Nywele za rasta zifungwe na kuingizwa ndani ya kofia au kitambaa. Anayevaa hijabu avae ya pamba, ncha zake ziingie ndani ya ovaroli. Nailoni ikiguswa na cheche huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

## Hatua ya 1: Kagua karakana yako kabla ya wanafunzi kuingia

Fanya hivi peke yako, siku moja kabla ya somo la kwanza. Mwanafunzi huamini anachokiona kuliko anachoambiwa. Ukisema "kava ni lazima" huku grainda tatu ukutani hazina kava, umemfundisha kwamba usalama ni maneno ya mwalimu tu.

Pita ukiangalia haya:

- Swichi kuu inafikika bila kuruka kitu, na kila mtu mzima anaifikia kwa mkono.
- Kila grainda ina kava na mpini wa pembeni.
- Mshale wa mtungi wa kuzimia moto uko kwenye kijani, na pini yake ipo.
- Mitungi ya gesi ya oksijeni na asetilini imesimama wima, imefungwa kwa mnyororo, na haina hata tone la mafuta au grisi kwenye vifungio. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na grisi inaweza kuwaka bila kiberiti.
- Mashine za kuchomelea zilizosukwa mtaani hazina vichwa vya nyaya vilivyo wazi. Nyingi zinavyo.
- Sakafu haina mafuta wala vipande vya chuma.

Usiache kifaa kibovu ukutani ukitegemea kwamba utawaonya wanafunzi wasikiguse. Kitoe nje au kifungie stoo.

Umefaulu ikiwa unaweza kuchukua kifaa chochote kilichoning'inia, ukamkabidhi mwanafunzi bila kuongeza neno "ila".

## Hatua ya 2: Somo la kwanza ni kuwinda vihatarishi

Zima umeme kwenye swichi kuu. Waingize wanafunzi karakana wakiwa wamevaa viatu vyao vya kawaida, kisha simama mlangoni uangalie miguu. Kandambili na ndala hazivuki kizingiti. Wengi huona ukali huu umezidi kwa kuwa hakuna kazi inayofanyika siku hiyo. Simamia hapohapo. Mlango ndiyo sheria ya kwanza wanayojifunza, na wanajifunza kwa miguu yao.

Wagawe katika makundi ya watu wanne. Kila kundi lipewe chaki nyekundu na dakika 20, lizungushie duara kila kitu kinachoweza kumuumiza mtu. Usiwape orodha. Waache wabishane.

Ndipo ueleze tofauti inayowachanganya wengi: kihatarishi na uwezekano wa madhara. Mimi hutumia mfano wa kisima kisicho na mfuniko. Kisima chenyewe ni kihatarishi. Kikiwa porini, uwezekano wa mtu kutumbukia ni mdogo. Kikiwa uani kwenye nyumba yenye watoto watano, ni mkubwa, ingawa kisima ni kilekile. Mwulize kila mwanafunzi aliyezungushia kitu duara: nani anapita hapa, mara ngapi kwa siku, na akiumia ataumia kiasi gani?

Kundi moja hujaza duara hamsini, jingine saba. Usilisifu la hamsini. Lirudishe kwenye duara zake na ulitake lichague vihatarishi vitatu vinavyopaswa kushughulikiwa leo kabla ya chai. Kuchagua ndiko somo lilipo.

Umefaulu ikiwa mwanafunzi anatoka akisema "huu waya uko njia ya kupita, kila mtu anaukanyaga" badala ya "waya ni hatari".

## Hatua ya 3: Fundisha ngazi ya kinga kwa kazi moja tu

Vitabu vyote vina ngazi hii: kuondoa kihatarishi, kubadilisha kitu kwa kisicho na madhara makubwa, kuweka kizuizi, kupanga utaratibu wa kazi, na mwisho kabisa vifaa vya kujikinga. Wanafunzi huikariri kama shairi kisha hukimbilia ya mwisho: "Nitavaa glavu." Ifundishe kwa kazi moja hadi iwaingie.

Kazi ninayoipenda ni kuchomelea bomba la mabati, lile linalong'aa. Ule mng'aro ni zinki. Ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta sana jioni hushikwa na homa, baridi, kichwa na maumivu ya viungo. Kwetu homa ya namna hiyo huitwa malaria moja kwa moja. Kijana anakwenda kupima, hana, anameza dawa hivyo hivyo, na kesho anarudi kwenye moshi uleule.

Sasa shuka ngazi pamoja nao ubaoni, kuanzia juu, wao wakijibu:

- Kuondoa: je, kazi hii inaweza kufungwa kwa bolti, tusichomelee kabisa?
- Kubadilisha: je, tunaweza kutumia bomba jeusi lisilo na zinki, tulipake rangi baadaye?
- Kizuizi: tusage zinki kwenye sehemu ya kiungo kabla ya kuchomelea, tukiwa tumevaa kinga ya pumzi, na tuweke feni ya kuvuta moshi kuuelekeza nje.
- Utaratibu: tufanyie kazi nje au mlangoni, tusimame upande upepo unakotoka, kichwa kisiinamie moshi.
- Vifaa: kinga ya pumzi inayofaa kwa moshi wa metali. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu.

Hapa lazima uzungumzie maziwa. Katika karakana nyingi za Afrika Mashariki fundi akimaliza kuchomelea hunywa maziwa "kusafisha kifua". Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Hakuna ubaya kunywa maziwa. Ubaya ni kuyahesabu kuwa kinga, maana anayeyategemea haoni sababu ya kununua feni. Liseme bila kuwadhihaki mafundi wa zamani. Baadhi ya wanafunzi wako ni watoto wao.

Umefaulu ikiwa ukiwapa kazi nyingine, kwa mfano kusaga chuma ndani ya chumba kidogo, wanaanza juu ya ngazi bila kukumbushwa.

## Hatua ya 4: Grainda, baridi kwanza

Ukiwa na muda wa kufundisha hatua moja tu kikamilifu, chukua hii. Grainda iko kila karakana, kila saiti, kila kibanda cha mageti, na kila mtu anadhani anaijua.

Anza na hesabu. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika. Waambie wakokotoe mwendo wa ukingo wa diski: 3.14 mara 0.115 mara 11,000, gawanya kwa 60. Watapata kama mita 66 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Kipande cha diski kikikatika ndiyo kasi kinayoanza nayo safari, na uso wako uko umbali wa mkono mmoja.

Kisha wape hesabu ya pili, ile inayookoa maisha. Mtaani fundi akitaka kukata kitu kinene hutoa kava na kufunga diski kubwa ya milimita 230 kwenye grainda ndogo. Wakokotoe tena kwa 0.230. Inakuja zaidi ya mita 130 kwa sekunde, wakati diski hizo huandikwa kikomo cha mita 80. Ndiyo maana hupasuka. Toa ile diski iliyopasuka kwenye sanduku la ushahidi, izunguke mkono kwa mkono. Kimya kitakachofuata usikivunje.

Fundisha kusoma diski. Kila mwanafunzi ashike diski mpya na asome kwa sauti kipenyo, mizunguko ya juu inayoruhusiwa, kama ni ya kukata au ya kusaga, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyogongwa kwenye pete ya chuma katikati. Mizunguko ya diski lazima ilingane na ya mashine au iizidi. Diski ya kukata haisagiwi kwa ubavu. Ni nyembamba, itavunjika.

Zoezi baridi. Plagi imetolewa, iko juu ya meza mbele ya macho. Mwanafunzi anafanya kila tendo huku akilisema:

1. "Plagi imetoka."
2. "Diski nzima, haina ufa, haijalowa."
3. "Kava limefungwa, liko kati yangu na diski."
4. "Mpini wa pembeni umekaza."
5. "Chuma kimebanwa kwenye vaisi." Hakishikwi kwa mguu. Kushikilia kwa mguu ndiko unakokuona barabarani kila siku.
6. "Cheche zitaenda kule, hakuna mtu, hakuna tambara, hakuna mtungi."
7. "Miwani, ngao, masikio, glavu, shingo imefungwa."
8. "Swichi iko kwenye sifuri." Hapo tu ndipo plagi huingia.

Kusema kwa sauti kunawachekesha mwanzoni. Wavumilie. Mdomo ukitaja tendo, jicho hulazimika kulitazama, na mwalimu husikia hatua iliyorukwa hata akiwa amegeuka.

Kila mmoja arudie mara tano baridi kabla ya kuwasha mara moja. Akiwasha, aiache izunguke sekunde 30 ikiwa imeelekezwa mbali na watu, ndipo aguse chuma. Akizima, asiiweke chini kabla diski haijasimama.

Onyo kuhusu glavu. Kwenye grainda, glavu za ngozi zinazobana ni sawa. Kwenye mashine ya kutobolea iliyosimama, glavu ni marufuku, kwa sababu ncha ya keekee ikinasa uzi mmoja wa glavu huvuta mkono mzima. Wanafunzi wakiambiwa tu "vaa glavu kila wakati" ndipo wanapoumia. Eleza sababu ya kila kifaa, na sababu ya kukivua.

Umefaulu ikiwa wiki ya tatu, bila wewe kuwa karibu, unamsikia mwanafunzi akinong'ona "plagi imetoka" peke yake.

## Hatua ya 5: Macho na mwanga wa kuchomelea

Hii ni fupi lakini usiiruke. Mwanga wa kuchomelea huunguza uso wa jicho bila maumivu wakati ule. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, aghalabu usiku, jicho likihisi limejaa mchanga. Kwa kuwa hauumi papo hapo, kijana huona miwani ya jua inatosha. Haitoshi. Inapunguza ukali wa mwanga, na uso wote na pembeni mwa macho vimebaki wazi.

Weka pazia au ubao kati ya vituo, kwa sababu anayeunguzwa mara nyingi ni msaidizi anayeshikilia bomba. Fundisha kilio kimoja cha kabla ya kugusa chuma. Sisi tulitumia "Macho!" na hakuna aliyechomelea bila kukitoa.

Akiunguzwa apelekwe kituo cha afya. Viazi, maziwa ya mama na dawa za matone za kuazimana visiingie jichoni.

## Hatua ya 6: Umeme na kufuli la kila mtu

Umeme wetu ni volti 230, wa kutosha kuua. Kosa linalorudiwa siyo kusahau kuzima. Mtu amezima, yuko ndani ya mashine anafunga waya, na mwenzake anayetaka kuendelea na kazi anawasha.

Ndiyo kazi ya lile kufuli. Kila mwanafunzi ana lake, lenye jina kwenye kadi. Anayetaka kuitengeneza mashine anazima swichi yake, anaifunga kwa kufuli, ufunguo unaingia mfukoni mwake, kisha anajaribu kuiwasha kuhakikisha imekufa kweli. Hilo la kujaribu huachwa sana. Wakiwa watatu wanaotengeneza, makufuli ni matatu, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho atoe lake. Swichi isiyo na tundu la kufuli inaweza kuwekwa ndani ya kisanduku cha chuma chenye komeo. Wanafunzi wako wanaweza kukitengeneza wenyewe, na ni zoezi zuri la kuchomelea.

Hakuna anayefungua kufuli la mwenzake, hata mwalimu. Mwenye kufuli akiwa amekwenda nyumbani na ufunguo, apigiwe simu arudi.

Umefaulu ikiwa kuna siku kazi ilisimama nusu saa ikimsubiri mwenye ufunguo, na hakuna aliyeomba msumeno.

## Hatua ya 7: Zoezi la dharura kwa saa mkononi

Panga mazoezi matatu, kila moja siku yake. Ya kwanza yatangaze. Baadaye fanya bila taarifa, ila umjulishe mkuu wa chuo.

Kuungua. Mwanafunzi anajifanya kashika chuma cha moto. Wenzake wampeleke kwenye maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Pima kweli hizo dakika 20, wote wamesimama. Watachoka, na wataelewa ni ndefu kiasi gani. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta havipakwi. Pete na saa zitolewe mapema kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandia kwenye ngozi isivutwe.

Shoti. Mwanafunzi anajifanya amepigwa na umeme, amelala kando ya mashine. Anayemkimbilia na kumshika amefeli zoezi, hata kama moyo wake ni mzuri. Swichi kuu kwanza. Ndipo kumwangalia kama anapumua, kuita msaada, na kuanza kukandamiza kifua ikiwa hapumui. Tafuta mhudumu wa afya au mwalimu wa Msalaba Mwekundu awafundishe kukandamiza kifua kwa mdoli. Usilifundishe kwa maneno.

Moto. Kila mwanafunzi avute pini na kunyunyizia chini ya moto, akifagia huku na huku, mgongo wake ukielekea mlango. Maji hayamwagwi kwenye moto wa umeme wala wa mafuta. Moto ukizidi kimo cha mtu, watu watoke. Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114. Kenya ya dharura ni 999 au 112. Iandike ukutani kwa herufi za kusomeka kutoka upande wa pili wa karakana, na chini yake maelezo ya kufika chuoni. Mwenye hofu husahau jina la mtaa anaoishi.

## Hatua ya 8: Daftari la chupuchupu

Lile daftari gumu linafunguliwa hapa. Kila tukio ambalo mtu aliponea chupuchupu linaandikwa: nyundo iliyochomoka, diski iliyonasa, mtungi uliotaka kuanguka. Nini kilitokea, wapi, kwa nini, na kimebadilishwa nini. Jina si lazima.

Ijumaa dakika 15 za mwisho ni za daftari. Wasomee, waulize sababu. Jibu la "uzembe" usilipokee. Uliza tena: kwa nini nyundo ilichomoka? Mpini umelegea. Kwa nini haukukazwa? Hakuna anayekagua. Basi nani atakagua, na lini?

Onyo kubwa: ukimwadhibu aliyeandika, hata kwa kumtazama vibaya, daftari limekufa. Nimewahi kufanya kosa hili. Kijana aliandika kwamba alisahau kufunga mtungi, nikamgombeza mbele ya wenzake. Wiki sita hapakuandikwa kitu, nami nikajidanganya kwamba karakana imetulia. Ilibidi niandike mwenyewe kosa langu la wiki ile, nilisome kwa sauti, ndipo wakaanza tena.

## Hatua ya 9: Wazoeze kukataa kwa heshima

Hapa ndipo mafunzo mengi huvunjikia. Mwanafunzi anakwenda mafunzo kazini, ana miaka 18, fundi mkuu ana umri wa baba yake, na kava la grainda liko chini ya benchi tangu mwaka juzi. Anajua sahihi. Hana maneno.

Mpe maneno, na ayazoeze kwa kuigiza. Wewe uwe fundi mkali.

"Wewe kijana, kata hizo nondo upesi, mteja anangoja."

"Sawa fundi, nazikata. Naomba dakika mbili nirudishe kava, kisha nazimaliza zote."

"Hapa hatutumii kava. Ulikuja kujifunza au kunifundisha?"

"Nimekuja kujifunza, fundi. Ila mwalimu amenikataza kabisa, na atakuja kunikagua. Nipe kazi nyingine yoyote wakati nalitafuta."

Ona anavyofanya: anaikubali kazi, anakataa namna, anaomba muda mfupi, na lawama anakutupia wewe mwalimu. Ruhusu hilo kwa moyo wote. Waambie wazi, "Nisingizieni mimi."

Kuna kazi moja isiyo na mjadala wala dakika mbili. Mtu analeta tangi la bodaboda linalovuja, au pipa lililowahi kuwa na mafuta, anataka lizibwe. Mvuke uliobaki ndani ukipata cheche hulipuka, hata tangi likionekana kuwa kavu na hata likiwa limesuuzwa. Jibu ni hapana, na mwanafunzi aondoke mahali hapo ikiwa fundi ataendelea.

Wajue pia kwamba sheria iko upande wao. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Kenya wana yao ya mwaka 2007. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Usiwatume wakaitaje mbele ya fundi siku ya kwanza, watafukuzwa. Waijue ili wasiamini kwamba wanaomba fadhila.

## Hatua ya 10: Pima karakana ikiwa na makosa

Acha maswali ya "taja aina tano za vifaa vya kujikinga". Siku ya mtihani, ingia karakana mapema, zima umeme, panga makosa saba: kava limelegezwa, mtungi haujafungwa mnyororo, diski imepitwa na wakati, tambara la mafuta karibu na kituo, waya uliochunika, ndoo ya mchanga tupu, njia ya kutokea imezibwa na bati. Mwanafunzi aingie peke yake kwa dakika 10, ataje anachokiona na aseme angeanza na kipi, kwa nini.

Halafu afanye kazi halisi ndogo, kukata na kuunga vipande viwili. Makosa matatu ni ya kufeli hapo hapo hata kama kiungo ni kizuri ajabu: kubadilisha diski plagi ikiwa ndani, kuchomelea bila ngao, kuwasha bila kuangalia aliye jirani. Anayefeli arudie baada ya wiki. Asipewe barua ya mafunzo kazini kabla ya kufaulu, hata mzazi akija kuomba. Wazazi huja, na maneno yao huwa mazito.

Akifaulu, kabla hujasaini barua yake, piga simu anakokwenda. Uliza mambo matatu: nani atamsimamia kwa jina, vifaa vya kujikinga vipo au aende navyo, na akiumia anatibiwa wapi na kwa gharama ya nani. Huko kama hawana jibu la swali la tatu, mtafutie mahali pengine.

Mtembelee ndani ya wiki mbili za kwanza, bila kutoa taarifa. Ukifika, kabla ya kusalimiana na meneja, angalia miguu yake, kisha angalia grainda iliyo karibu naye.